Sifa Juu, Sifa Chini

Ukikataliwa kazi mara nyingi, kilio kinakwisha, inabaki ganzi. Jana naingia kwenye gari la kampuni ya mbegu, nilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya kung'olea jino. Upo, unacheka, lakini hausikii kitu. Shahada ya kilimo ninayo. Wenzangu wote wameshaajiriwa, hata yule tuliyemwita Chelewa. Dada, ambaye nalala sebuleni kwake, aliniambia asubuhi, "Mdogo wangu, leo usiniletee tena hiyo 'watanipigia simu'. Shemeji yako amechoka, na mimi nimechoka kumtuliza."

"Sawa, dada," nikasema.

Usaili wenyewe haukuwa wa mezani. Msimamizi, mama mmoja mkavu asiye na maneno mengi, alitupeleka mashambani. Kila mwombaji alipewa mkulima wake: kagua mimea, mwambie mwenye shamba ukweli, rudi. Basi.

Mkulima wangu alikuwa mama mtu mzima mwenye nyanya kwenye mteremko. Nikamwamkia, akaniambia mistari ya juu ilianza kulala baada ya zamu yake ya maji iliyopita, na leo zamu imefika tena. Nikakata shina moja, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu. Mnyauko wa bakteria huo. Hauna dawa. Unang'oa, unachoma, na maji hayapiti hapo kabisa, maana maji ndiyo yanayoubeba ugonjwa kwenda kwenye mimea mizima. Hayo nayajua hata ukiniamsha usingizini.

Kuyasema sasa! Chuoni tulikuwa na mwalimu wa mawasiliano, tukimwita Tabasamu. Jamani, yule baba! "Habari mbaya haitoki uchi," alitukaririsha. "Sifa juu, sifa chini, neno gumu katikati." Tulifanya mazoezi mbele ya vioo vya bweni mpaka mashavu yakauma. Kwenye mtihani wake niliwaburuza wote.

Basi nikatabasamu. "Mama, kwanza hongera. Shamba safi, palizi nzuri, mkono wa kilimo unao. Kuna changamoto kidogo ya mnyauko huku juu, ingefaa mimea hii iondolewe na umwagiliaji usitishwe. Ila kwa jumla umejitahidi sana, endelea hivyohivyo."

Uso ulimchanua. "Asante, mwanangu! Miaka yote nalima, hakuna msomi aliyewahi kunisifu. Mungu akupe kazi." Akanishika mikono yote miwili. Sikusikia kitu.

Nikarudi garini. Msimamizi alikuwa anatazama shambani tu. Mama alichukua jembe huku anaimba, akafungua mfereji.

"Ulimwambia afanye nini?" msimamizi akauliza.

"Ang'oe, na maji asiyafungulie."

"Mbona anayafungulia?"

Nilitoka mbio. Niliruka matuta, nikapiga magoti, nikauziba mfereji kwa udongo na mikono yangu. Wapi! Maji yalikuwa yameshapita kwenye mistari migonjwa, yameshuka mpaka chini, kwenye nyanya nzima zilizoanza kuiva.

"Kulikoni tena?" mama akauliza.

"Mama, nilikwambia umwagiliaji usitishwe."

"Saa ngapi? Si ulisema niendelee hivyohivyo?" Hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Mwanangu, mtu ana msiba, wewe unampigia vigelegele?"

Kisha akanyoosha kidole kule chini. "Na hizi je? Hizi nzima?"

Mdomo ukaanza wenyewe, bila mimi. "Mama, umejitahidi..." Nikauuma. "Hizi nazo nyingi zitakufa. Maji yameshazipelekea ugonjwa. Kosa ni langu."

Mama akakaa kwenye tuta, jembe magotini. Alizitazama nyanya zake, kisha akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Sasa nimekuelewa."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ungemwambia hivyo tangu mwanzo," akasema. Nikasubiri aseme watanipigia simu. Wote husema hivyo, na mimi hushukuru, nikaenda kumpelekea dada.

"Kazi hupati," akasema. "Nakwambia hapahapa usije ukakaa unasubiri simu."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo ana kwa ana. Nilipanda mpaka mstari wa juu, nikaanza kung'oa. Mama alikuja akashika mstari wa pili. Gari likapiga honi mara kadhaa, likaondoka. Nilikuwa nimeshika mche wa tatu au wa nne nilipogundua kwamba nalia.