Niulize Kwanza

Wiki ya tatu sasa kompyuta za chumba cha ramani zilikuwa zikianguka, na fundi hakuwa na raha. Ilikuwa ofisi ya wapima ardhi, ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye meza sita za wachoraji na madirisha upande mmoja. Mchoraji angekuwa katikati ya kuchora mpaka wa kiwanja cha watu, mara kishale kinaganda, skrini inakuwa nyeusi tii, kisha linatokea lile dirisha la kuomba neno la siri kana kwamba mashine ndiyo kwanza imewashwa. Kazi yote ambayo mtu hakuihifadhi imekwenda na maji.

"Mwanangu, hii yako si kompyuta, ni kinyonga," Bi Rula alimwambia asubuhi ile. Bi Rula alikuwa mchoraji mkongwe kuliko wote. Jina hilo alipachikwa enzi za kuchora kwa mkono, na hata rula zilipoachwa jina halikumbanduka. "Nimechora mto mmoja mara nne tangu juzi. Mto gani huo unaozaliwa kila siku?"

Fundi alicheka kwa kujikaza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye mazoea ya kuchomeka bisibisi kwenye nywele akisahau kuitoa. Alikuwa amekwishabadilisha kadi za kumbukumbu, amesafisha feni kwa brashi ya rangi, amehamisha nyaya za umeme kutoka meza hii kwenda ile. Kila alichokigusa alikikuta kizima.

"Halafu umeziangalia saa zenyewe?" Bi Rula akauliza, macho kwenye skrini yake.

"Saa gani, mama?"

"Asubuhi yote tunafanya kazi salama. Wale wa porini wakirudi tu na mabuti yao ya matope, balaa linaanza."

Fundi aligeuka akautazama mlango. Wiki tatu amekesha akitafuta ndani ya mashine, na jibu lilikuwa likipita mlangoni kila siku na kupangusa miguu. Wapima walipotoka viwanjani walichomeka vipimia vyao kwenye kompyuta ili wachoraji wapate vipimo vya siku. Akavuta kiti, akafungua kumbukumbu ya matukio ambayo mashine hujiandikia yenyewe, akaanza kuisoma mstari kwa mstari.

Ndani ya kila kompyuta ya pale kulikuwa na programu ndogo isiyoonekana kwenye skrini, inayofanya kazi kimyakimya tangu mashine inapowaka hadi inapozimwa. Fundi aliiita bawabu. Ukichomeka flashi, kipanya au kipimia, bawabu ndiye anayekipokea, anakipa jina na kukionyesha pa kuingilia. Kumbukumbu ilisema bawabu alikuwa akianguka. Kipimia kilipochomekwa alikipokea, kisha akakipokea tena, na tena, mara mia nne kwa dakika moja, mpaka pumzi zikamwishia akadondoka na kuuangusha mfumo mzima pamoja naye.

Bawabu hufuata kanuni alizoandikiwa. Fundi akafungua folda ya kanuni, akaona faili moja ambayo haikuja na mashine. Iliandikwa na mtu, tena mtu wa pale pale. Juu kabisa, penye nafasi ya mwandishi kujiwekea maelezo, palikuwa na mstari mmoja:

*Kidole, ukifika hapa usifute. Niulize kwanza.*

Akausoma mara moja. Akainuka, akaenda dirishani, akasimama huko akiwapa wenzake mgongo.

Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyemwita Kidole. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa sababu hapakuwa na tundu la redio wala mfuko wa shati ambao binti yule hakutumbukiza kidole kuona kuna nini. Ni kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yao, yeye akiwa wa mwisho. Kaka ndiye aliyekuwa fundi wa ofisi hii kabla yake. Ndiye aliyemkalisha kwenye kiti hiki, akamfundisha kazi akiwa amesimama nyuma yake, akimpiga kofi mkononi kila alipotaka kubonyeza kabla ya kusoma. Miaka sita iliyopita kaka alisafiri kwenda kusoma nchi ya mbali. Miaka miwili tu, alisema, na cheti mkononi. Miaka miwili ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Kisha kila mwezi. Kisha namba yake ikawa haipatikani, na huu ulikuwa mwaka wa nne wa ukimya.

Fundi alimwandikia barua pepe nyingi. Za kwanza zilikuwa za salamu, zilizofuata za kubembeleza, na moja, ambayo aliijutia, ya matusi. Hakuna iliyojibiwa. Nyumbani mama yao aliacha kulitaja jina la mwanawe. Alisema tu "yule." Akimenya viazi angeuliza, bila kuinua uso: "Na yule, kimya?" Fundi angejibu, "Kimya, mama." Basi. Kisu kingeendelea na viazi.

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amemwachia neno, na neno lenyewe lilikaa humu ndani likimngoja aharibikiwe.

Alirudi kitini. Mkono ukamwasha. Kwa ubishi, au kwa hasira, akaiondoa ile kanuni kwenye kompyuta ya Bi Rula, akamwomba mpima mmoja aliyewahi kurudi achomeke kipimia chake. Mashine haikuanguka. Ilitulia kama maji mtungini. Lakini kipimia nacho hakikuonekana. Vipimo vyote vilikuwa ndani, na mashine haikuviona kabisa.

"Afadhali ilivyokuwa inaanguka," mpima akanung'unika. "Angalau ilikuwa inatuona."

Fundi akairudisha kanuni. Akafungua barua pepe, akaandika kwa anwani ile ile ya zamani. Safari hii hakusalimu, hakulia, hakuuliza uko wapi.

"Ile kanuni yako ya vipimia inamwangusha bawabu tangu nilipoweka toleo jipya la mfumo wiki tatu zilizopita. Nikiifuta, vipimia havionekani. Nifanyeje? Kidole."

Akatuma kabla moyo haujabadilika. Akaenda kunywa maji. Aliporudi, jibu lilikuwa limefika. Namba ya simu, na maneno mawili: "Nipigie sasa."

Alitoka hadi kwenye ngazi za nyuma, mahali wavutaji sigara huketi, akapiga. Namba aliikosea mara mbili.

"Shikamoo, kaka."

Upande wa pili palikuwa na ngurumo ya magari makubwa, kisha mlango ukafungwa, kisha kimya.

"Marahaba." Sauti ilikuwa ile ile, ila imekwaruzika. "Niambie, kumbukumbu ya matukio inasemaje?"

Akamwambia. Kaka akamsikiliza bila kumkatiza, akiguna tu, kama zamani.

"Sikiliza. Vile vipimia ni vizito kuamka. Ukikichomeka mara ya kwanza hakisemi kina nini ndani. Lazima ukitikise mara ya pili. Hiyo ndiyo kazi ya kanuni. Kikishatikiswa inaacha alama kwenye folda fulani, ili bawabu ajue kimeshatikiswa, akiache. Iangalie hiyo folda, ipo?"

Fundi alikuwa amebeba kompyuta ndogo mapajani. Akatafuta. "Haipo."

"Toleo jipya limeifagia. Sasa bawabu anatikisa, anatafuta alama, haoni, anatikisa tena. Masikini, atasimama mpaka lini? Tengeneza folda mahali ambapo toleo jipya halifagii, kisha uibadilishe njia kwenye kanuni. Soma kabla ya kubonyeza."

"Nasoma."

"Najua hujasoma."

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka kilio njiani. Akaweka kiganja mdomoni.

"Barua zangu hukuzipata?" fundi akauliza.

"Nilizisoma zote."

"Sasa?"

"Kila moja iliniuliza kitu nisichokuwa na jibu lake. Unarudi lini. Masomo yameishia wapi." Akavuta pumzi. "Yaliishia mwaka wa pili, Kidole. Nilishindwa. Sasa napakia mizigo kwenye ghala. Mashine sijaigusa miaka minne. Hili la leo ndilo swali la kwanza nililokuwa na jibu lake."

Fundi alitaka kusema mengi. Alisema, "Mama yu mzima."

"Usimwambie kwanza."

"Hilo usiniombe. Siwezi kukaa naye jikoni nikiwa nimesikia sauti yako. Siwezi, kaka."

"Haya," kaka akasema. "Jumapili nitapiga mwenyewe."

Mchana ule alirekebisha mashine zote sita. Wapima walichomeka vipimia, bawabu akavitikisa mara moja, akaacha alama, akatulia. Bi Rula aliuchora mto wake hadi mwisho, akauhifadhi mara tatu kwa woga.

Jumapili simu ilipigwa kweli. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiishika simu kwa mikono miwili. Hakuuliza cheti. Aliuliza kama huko kuna baridi, na kama ana koti, na koti lenyewe rangi gani. Waliongea dakika kumi za namna hiyo. Mama alipokata, aliketi akiitazama simu mpaka mwanga wake ukazima. "Hakusema anarudi," alisema. Kisha akasema, "Koti ni la kijani."

Jumatatu hakuna mashine iliyoanguka. Fundi alizunguka meza zote sita akiuliza kuna tatizo gani, na wote wakamwambia hakuna, wakamshukuru. Kufikia saa tano hakuwa na la kufanya. Akaenda kwenye printa iliyo kando ya ukuta, ambayo ilikuwa ikimeza karatasi mbili mbili. Dawa yake aliijua: kitambaa chenye unyevu, upangusie vigurudumu, dakika mbili tu.

Akarudi kitini, akafungua barua pepe, akaandika: "Kaka, printa inameza karatasi mbili mbili. Nianzie wapi?"