Koti Langu Lilivyoomba Ruhusa

Niliota usiku wa jana kwamba ofisi yetu kongwe inafanyiwa ukarabati iwe ya kisasa, isile umeme ovyo. Mimi Lwitiko, karani wa masijala mwaka wa ishirini na sita huu, sikushirikishwa hata kidogo.

Injinia Zamaradi, binti mwenye kofia ngumu ya njano, analifunua paa kama mfuniko wa sufuria. Jua linaingia kwenye korido ambayo haijawahi kuliona. Mara masijala iko bustanini, faili zote zimekaa kivulini.

"Shikamoo mzee," linasema dirisha langu.

"Marahaba. Wewe unafunguka tangu lini?"

"Tangu leo. Walinipaka rangi nikiwa nimefungwa, hamkujali."

Kiyoyozi cha zamani kimebeba begi, kinaaga watu huku kikikohoa. Nikakipa pole.

Zamaradi anabandika tangazo: KISICHOTUMIKA KIZIMWE. Nikasema afadhali. Taa ya korido ikazimwa, ikashukuru. Printa ikazimwa. Kisha swichi ya ukutani ikanitazama mimi.

"Na huyu anatumika?"

Jamani, swali lile liliniuma! Pendael wa mapokezi, ambaye namletea maandazi kila Ijumaa, anaangalia kucha zake.

"Geuka, mzee," swichi inasema. "Kitufe chako kiko kisogoni."

Nikapapasa. Kweli kipo. Hapo nikaogopa sana, maana nikizimwa, nani atakumbuka kuniwasha?

"Liulizeni koti langu!" nikapiga kelele.

Niseme ukweli. Pale kwetu mtu akitoka kidogo kunywa chai huacha koti kwenye kiti, ili bosi akipita ajue yupo. Ofisi nzima tunafanya hivyo. Langu halijarudi nyumbani tangu tulipopewa viti vya kuzunguka.

Koti linasimama, linajikung'uta mabega. "Huyu? Asubuhi ananisalimia, ananiachia meza, anaondoka. Bosi akipita anayeonekana ni mimi."

"Basi koti ndilo mtumishi," swichi ikaamua. "Mzee, inama."

"Koti, ndugu yangu, usinifanyie hivyo! Tumetoka mbali!"

Likanishika begani, likaninong'oneza. "Sina ubaya na wewe. Nishikie zamu tu, na mimi nikanywe chai. Miaka yote hiyo naisikia kwenye pumzi yako."

Ningefanyaje? Nikajitundika kwenye mgongo wa kiti, mikono ikining'inia. Bosi anapita, ananitupia jicho.

"Lwitiko yupo," anasema, anaendelea na safari yake.

Swichi ikaridhika. Koti likatoka nje likipiga mluzi, na sikuliona likirudi.

Nikaamka saa tatu kasorobo. Nimechelewa vibaya, na mabega yananiuma kweli. Nikashika simu nimtumie bosi uongo wowote ule. Nikakuta Pendael ameshaniandikia:

"Mzee, acha hiyo chai urudi haraka. Bosi amepita, hajaona koti kwenye kiti, amekuandika hujafika. Nimemwambia upo, nakuona hapo kwa mama chapati umefunga vifungo vyote vya koti. Nakupungia, hugeuki. Ndiyo umeagiza kikombe cha pili?"