Pazia la Majani

"Bonyeza."

"Nimebonyeza."

"Hujabonyeza. Umeweka mkono tu, kama mtu anayempapasa paka."

Mke wangu alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mkono mmoja umeshika karatasi ya kalenda ya zamani, mwingine umetulia mapajani. Mbele yangu palikuwa na panchi, kidude cha plastiki kisichozidi kopo la dawa ya viatu, chenye kitufe kipana juu na mdomo mwembamba ubavuni. Unaingiza karatasi mdomoni, unabonyeza kitufe, na tumboni mwake linadondoka jani. Umbo ni hilo hilo siku zote. Binti yetu alikuwa akikitumia kupamba kadi za harusi za watu, hadi ikafika harusi yake mwenyewe, akaondoka na kukiacha kabatini. Mtoto wa chekechea angekibonyeza huku anaimba. Mimi niliuinua mkono wangu wa kulia kwa msaada wa kushoto, nikautua juu ya kitufe kama mzigo wa mtu mwingine, nikafumba macho, nikasukuma kwa bega, kwa shingo, kwa meno.

Tak.

"Eeh," akasema, na jani likawa limo bakulini. "Si umeona? Haya, lingine."

Ngoja niseme nilikuwa nani kabla ya hapo, anayetaka kuamini aamini. Nilikuwa mchora mabango. Hakuna aliyenifundisha, nilianza kwa mkaa kwenye ukuta wa jirani, nikapigwa, nikahamia ukuta mwingine. Niliwahi kuchora simba kwenye ukuta wa bucha, mbwa wa mtaa mzima wakahama, na mwenye bucha akaniomba nimfumbe simba mdomo kwa sababu wateja walikuwa wanaagiza nyama wakiwa ng'ambo ya barabara. Niliwahi kuchora bomba la maji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, asubuhi tukakuta ndoo zimepanga foleni.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akizisikiliza hadithi hizi huku anashona, kisha anamwambia mgeni bila kuinua kichwa: "Ndoo ilikuwa moja. Na ilikuwa ya kwake."

Ndivyo tulivyokuwa tumegawana kazi. Wengine hugawana kuosha vyombo na kufagia uwanja. Sisi uongo ulikuwa wangu na ukweli ulikuwa wake. Mteja akivaa gauni na kujigeuza mbele ya kioo, mke wangu humwambia, "Limekukataa hilo, dada, tusilazimishe." Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumkamata na uongo hata wa adabu, ule wa kumwambia mgeni kwamba tulikuwa ndiyo kwanza tunamtaja.

Kiharusi kilinikuta juu ya ngazi. Nilikuwa naandika KARIBU juu ya mlango wa kinyozi. Nilipofika KARI, brashi ilitangulia chini, nami nikaifuata. Niliporudi kutoka hospitali, mdomo ulikuwa umepinda kidogo, jambo ambalo wabaya wangu walisema limechelewa, na mguu ulikuwa unaburuta. Hayo ningeyameza. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala pembeni yangu kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Ukiuambia shika, unakutazama tu.

Dada wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa kuminya. "Mkono ni kama mtoto, mzee," alisema. "Usipoutuma, unasahau jina lake." Nikautazama ule mpira. Mimi niliyechora simba! Niliusukuma kwa mkono wa kushoto ukaingia uvunguni, na huko ulibaki. Kisha nikamtumia salamu mwenzangu wa kazi aje azichukue brashi zangu.

Mwenzangu huyo mtaa mzima ulimwita Rangi Mbili, kwa sababu aliamini rangi ya tatu kwenye bango ni anasa. Tulikuwa tumegombania kuta tangu ujana, na hakuna aliyezijua brashi zangu kama yeye, maana ndiye aliyekuwa anaziazima bila kuzirudisha. Alikuja, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia na akashindwa kuondoka.

"Shemeji, kaa," mke wangu akamwambia. Alikuwa ameitoa panchi ya binti yetu kabatini, ameishika kama mtu aliyeshika yai. "Mnaona mlango huu wa kwenda chumbani? Tangu tuhamie hauna pazia. Nataka pazia la majani ya karatasi, na majani yote akate yeye, kwa mkono huo huo uliosusa. Mlango ukijaa, njoo. Siku hiyo akishindwa kushika brashi, beba zote, na makopo yake."

"Na nikichoka kabla mlango haujajaa?" nikauliza.

"Nazichukua mimi nisugulie choo."

Rangi Mbili alicheka, kisha akaona kwamba mke wangu hacheki, akaaga.

Basi tukaanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana alifuta meza, akaleta kalenda za miaka iliyokwisha, vipande vya manila, na zile karatasi za kaki alizokuwa akipimia nguo. Yeye alishika karatasi, mimi nilibonyeza. Kila nilipobonyeza nilifumba macho, maana nguvu kidogo nilizokuwa nazo sikutaka zitoroke kwa mlango wowote. Tak. Jani bakulini. Tak. Halafu anaivuta karatasi haraka na kuishusha mapajani, anachomeka nyingine.

Nilipochoka tulipanga majani mezani, na hapo ndipo niliporudi kuwa mimi. Umbo lile lile moja, ukilijua, halina mwisho. Majani mawili mgongo kwa mgongo ni kipepeo. Jani zima likifuatwa na nusu ya jingine ni samaki. Matano yakikutana ncha ni ua. Jekundu likisimama peke yake ni ulimi wa moto. Mke wangu aliyapanga kwa vidole, mimi nikayapa maisha: samaki huyu alikunywa ziwa zima kwa kiu akabaki anawalaumu vyura, kipepeo huyu alimwoa ua, wakwe wakakataa mahari kwa sababu bwana harusi hana makao.

"Endelea kubonyeza, muongo wangu," alikuwa akisema.

Kisha alikaa kwenye cherehani. Alipitisha jani chini ya sindano, likifuatiwa na lingine na lingine, bila kukata uzi, mpaka unatoka mkufu mrefu wa majani kutoka juu ya mlango hadi sakafuni. Mkufu ukikamilika aliufunga kwenye ufito juu ya mlango, akianzia upande wa ukuta, na pazia likawa linasogea taratibu kuelekea kwenye bawaba. Uzi ulikuwa mweupe. Hakuchanganya nyuzi, mke wangu. Aliwahi kufumua gauni zima kwa sababu uzi ulikuwa mweupe wa maziwa na kitambaa kilikuwa cheupe cha chumvi.

Kitu kimoja tu kilinichekesha. Alivaa subana, kile kikofia cha chuma cha kukingia kidole na sindano, hata pale mezani ambapo hapakuwa na sindano.

"Mama watoto, hiyo subana ndiyo iliyokuoa?"

"Pete ilinibana," akajibu. "Hii haijanibana hata siku moja."

Sijui niseme vipi jinsi bakuli lilivyoniinua. Asubuhi niliamka mkono ukiwa mzito kama nondo, nikasema leo simo. Nikipita kwenda kunawa uso, ninaliona bakuli limejaa majani ya rangi zote, naona aibu. Mtu aliyekata yote yale anawezaje kusema hawezi? Moyo ulitangulia mbele, mkono ukawa unaburuzwa nyuma yake kama mbuzi anayepelekwa asikokutaka. Kidole cha shahada kikaanza kusikia baridi ya kitufe. Kisha gumba.

Siku moja, mlango ukiwa umebakiza ukanda mwembamba upande wa bawaba, nilifumba macho kama kawaida, nikasukuma. Nikasikia tak mbili, moja ikiikanyaga nyingine kisigino. Nikafumbua macho. Mke wangu alikuwa ameikodolea macho panchi kama mtu aliyesikia hodi wakati hakuna mgeni anayetarajiwa.

"Vipi?"

"Hakuna. Bonyeza tena."

Nikabonyeza. Tak. Moja tu. Akaivuta karatasi, hakuishusha mapajani. Aliiweka juu ya meza, akalitazama tundu lake. Kisha akaivua subana polepole, akaenda kuitia kwenye droo ya cherehani. Akaketi kushona. Katikati ya mkufu nikasikia cherehani imesimama. Akafunga fundo, akauchomoa uzi mweupe, akatia mwekundu.

"Wewe! Kuchanganya nyuzi?" nikamrushia. "Mweupe umekwisha?"

"Umekwisha," akasema, akaiinamia cherehani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikadhani ni pedeli.

Mlango ulijaa. Rangi Mbili akaja, akalipita pazia kwa heshima kama mtu anayeingia kanisani au msikitini, akaniwekea kipande cha plaiwudi magotini na kunifungulia kopo la rangi nyeusi. Nilishika brashi kwa mkono wa kulia. Mstari niliouchora ulikwenda kama mlevi anayetafuta ufunguo mfukoni, lakini ulitoka upande huu ukafika upande ule.

Rangi Mbili akautazama. "Mstari huu umelewa."

"Umelewa, lakini umefika nyumbani."

Akapangusa macho kwa kitambaa cha tapentaini, kisha akalalamika kwamba tapentaini inachoma macho. Brashi hakuchukua. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye pazia, nusu chumbani, nusu sebuleni, majani yamemtapakaa mabegani. Baadaye nilikwenda kuimalizia BU yangu kwa kinyozi, lakini watu walishazoea. Hadi leo wanakwenda kunyolewa "kwa Kari".

Mke wangu alifariki mchana mmoja, cherehani ikiwa wazi, gauni la mteja limebaki na mkono mmoja. Daktari alisema moyo. Mimi niliyeweza kurefusha habari ya ndoo moja mpaka ikawa foleni, hii nimejaribu mara nyingi kuirefusha, inaishia hapo.

Maombolezo yalipokwisha, binti yetu aliomba cherehani ya mama yake. Rangi Mbili akaja kunisaidia kuibeba. Tulipoiinamisha, droo iliyokuwa imekwama ikafunguka yenyewe, ikamwaga vitu sakafuni: karatasi za kalenda, manila, kaki, rundo zima, na subana ikabingirika mpaka kwenye mguu wangu.

Rangi Mbili aliokota karatasi moja, akaielekeza dirishani. "Za nani hizi?"

Nikaitwaa. Majani yalikuwa yamejipanga juu yake safu kwa safu, na hakuna hata moja lililotoka. Mengine yalikuwa alama tu, kama ukucha uliominya ngozi ukaondoka. Mengine yamekatika ncha, yakashikilia kwa upande mzima. Nyingine, na nyingine, zote hivyo. Katika zile za juu kabisa majani yalikuwa yananing'inia kwa unyuzi mmoja wa karatasi, yanatikisika kwa pumzi yangu.

"Zangu," nikasema.

"Mbona hayajakatika?"

Nikaiokota subana. Iliingia kwenye kidole changu cha mwisho tu. Nikagonga nayo chini ya meza, mahali ambapo mkono wake ulikuwa ukikaa.

Tak.

Rangi Mbili hakuelewa, lakini aliacha kuuliza. Nilikwenda mlangoni. Nilianza na mkufu wa kwanza upande wa ukutani, nikawa naitenganisha mmoja mmoja kwa vidole vya mkono wangu wa kulia. Mweupe. Mweupe. Karibu mlango wote uzi mweupe, majani yenye kingo safi kama yaliyokatwa kwa wembe, majani ya mtu mwenye mikono miwili mizima. Alikuwa akiyakata saa ngapi? Nilipokuwa nimelala, labda, au nikiwa kwa dada wa mazoezi. Na mchana ule aliosema uzi mweupe umekwisha, sasa nakumbuka, alimaliza kwa kushona pindo za mashuka meupe, na uzi mweupe haukukosekana.

Fundo nililikuta kwenye mkufu ulio karibu na bawaba, usawa wa kiuno changu. Chini yake uzi ulikuwa mwekundu, na jani la kwanza kwenye uzi huo lilikuwa limechanika ukingo mmoja, lina jino, kama lililoonjwa na kiwavi. Lilitoka kwenye kalenda. Bado lina tarakimu ya siku ambayo sikumbuki ilikuwa na nini.

Rangi Mbili alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. "Hilo limeharibika," akasema kwa upole. "Litoe, linachafua pazia la marehemu."

"Liache."

"Limechanika, ndugu yangu."

"Najua. Ndilo la kwanza."

Akanitazama, akaitazama cherehani, akapiga magoti kukusanya zile karatasi, akazirudisha kwenye droo moja moja, bila kukunja hata moja. Droo nikaichomoa, nikaiweka kitandani; hiyo haikwenda na cherehani. Kisha tukainama, kila mmoja upande wake, tukainyanyua. Tulipofika mlangoni alitaka tuitue kwanza, alifunge pazia pembeni ili tupite vizuri.

Nikamwambia tupite hivyo hivyo, taratibu.