Mzee Okemwa Haingii

Kila Duke alipompigia babake simu ya video, mzee Okemwa aliibandika simu sikioni. Kule Nyamira mjini, Duke na mkewe Lorna waliona sikio tupu na mvi zake.

"Tata, toa simu sikioni. Tunaona sikio tu."

"Basi ongea nalo."

Walimcheka, wakidhani ni ushamba. Ushamba wa wapi? Mzee huyo, pale kwake Birongo, alitazama habari na mahubiri ya Sabato kwenye simu hiyo hiyo. Alijua fika. Ila Duke alikuwa akipiga akiwa kitandani, na chinsoni, ile heshima ya Wakisii, haimruhusu baba kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse chumba cha kulala. Wengine husema jicho si mguu. Okemwa hakuwa na hakika. Mtu akishatazama, si ameshaingia?

Siku moja Lorna alipiga peke yake, sauti chini. Mguu wa Duke, uliovunjika kwenye ajali ya pikipiki, ulikuwa umeunga. Daktari alitaka atembee kwa magongo, la sivyo ungenyauka asiutumie tena. Duke alikataa, eti maumivu. Alishinda amelala, simu kifuani: kanisa humo, marafiki humo, biashara humo. Hata Lorna akiwa jikoni aliitwa kwa ujumbe.

"Mguu unakonda, Baba. Nimesema mpaka nimechoka. Njoo wewe."

Okemwa aliingiwa na hofu, akaenda. Lorna alimwekea kiti uani, karibu na dirisha la chumba, akampa uji, kisha akaenda kuteka maji. Mara simu ya mzee ikalia. Ni Duke, ng'ambo ya ukuta.

"Karibu, Tata. Washa video tuonane."

Jamani, mtu apande vilima vyote vile, aje kuonyeshwa mwanawe kwenye kioo! Hasira zilimpanda mzee, na chini ya hasira kulikuwa na huruma.

"Watu wote wanakuja hapo kitandani kwako," alisema. "Utainukia nini? Mimi siwezi kuingia, Duke. Ukinitaka, niko nje."

Akaizima simu kabisa.

Uji ukapoa. Okemwa akaanza kujuta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alijuaje uchungu wa mguu ule? Labda alikuwa mkali mno.

Kisha akasikia gongo likigonga saruji. Likagonga tena. Kikafuata kishindo, na mwanamume mzima akalia.

Okemwa alijikuta mlangoni, mguu umeshainuka juu ya kizingiti. Chinsoni gani tena, na mtoto wake yuko chini?

"Usiingie, Tata." Duke alikuwa sakafuni sebuleni, jasho likimtiririka, akilivuta gongo lililomponyoka. "Ukiingia, nitabaki hapa hapa."

Okemwa akaushusha mguu, upande wa nje. Kusimama pale bila kumshika kulimuuma kuliko msiba, lakini alisimama, macho yake yote kwa mwanawe, akimwona anavyojikokota kuja.