Kikohozi cha "Ngazi ya Nyuma"

Katika ukoo wetu kuna watu waliosoma, kuna watu waliojenga, na kuna dada yangu, ambaye alikohoa.

Msicheke kwanza. Kikohozi chenyewe kimo kwenye wimbo. Wimbo ni "Ngazi ya Nyuma" wa Radi, yule mwimbaji wa roki aliyefariki mwaka huu, na kama unaujua basi unapajua pale kabla ya ubeti wa mwisho, magita yanaponyamaza na ukumbi mzima unashika pumzi. Halafu, khoh! Kimoja tu. Ndipo Radi anaingia na ile sauti yake ya kokoto. Wimbo ulirekodiwa jukwaani, mbele ya watu, na aliyekohoa, kwa mujibu wa dada, ni dada.

Alikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo. Alikuwa na mafua, mama akamwambia alale, yeye akatokea dirishani akaenda ukumbini, akapenya kwa viwiko mpaka mbele kabisa. Mimi nilikuwa bado natambaa, kwa hiyo ushahidi wangu hauna maana. Lakini tangu nipate akili nimekisikia kile kikohozi kuliko nilivyosikia jina langu. Dada ni fundi cherehani, na mimi natengeneza simu kwenye kona ya duka lake, nyuma ya kisanduku cha kioo. Mteja akija kupimwa gauni, dada anamfunga tepu kiunoni, anaweka wimbo, anainua kidole: "Ngoja... ngoja... hapo! Mimi huyo!" Mteja mwenye akili alishangaa na kupiga makofi. Mteja aliyeuliza, "Umejuaje kama ni wewe?" suruali yake ilitoka imembana.

Wengine wana vyeti ukutani. Dada alikuwa na kikohozi, na hakuwa na kingine cha kumfikisha karibu na Radi.

Radi alipokufa, alilia mpaka nikaogopa. Alifunga duka, akalala na redio. Alipofungua tena, maonyesho ya kumuenzi marehemu yalikuwa yameanza, kila siku jipya, na dada akawa hakimu. Aliyatazama kwenye simu huku anapinda upindo, wala sindano haikupotea njia.

"Huyu mama anaimba kama anauza viazi."

"Dada, watu wanalia pale, ona."

"Wanalia kwa sababu wamelipa kiingilio."

Alikuja mwingine mwenye gita la thamani. "Gita zuri, ampe mtu anayejua kupiga." Akaja wa tatu, mtoto wa watu, akaimba vizuri kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikaacha bisibisi. Dada akatazama mpaka mwisho, akatafuta kosa, akalipata: "Viatu."

Ulikuwa wivu, lakini wivu wa kawaida, wa mtu aliyefiwa anayeona wageni wanajimegea msiba. Ungeweza kuishi nao. Mambo yaliharibika siku alipotokea yule kijana wa suruali ya ngozi.

Tulikuwa tunamtazama kwenye televisheni ya dukani. Dada alikuwa anapiga pasi koti la mteja. Kijana akaimba "Ngazi ya Nyuma", akafika pale, magita yakanyamaza, akainamisha kichwa, akaweka ngumi mdomoni. Khoh! Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti.

Dada hakusema kitu. Koti ndilo lililosema, kwa moshi.

"Dada, pasi!"

"Amefanya nini huyu?"

"Amekohoa. Dada, inua pasi."

"Nimeona amekohoa, mimi si kipofu. Amekohoa kama nani?"

Nikafungua simu nione mashabiki wanasema nini. Ningejua, ningeiacha imezimika. "Kikohozi cha marehemu chenyewe!" aliandika mmoja. "Mwili umenisisimka pale alipokohoa." Mwingine akaandika kwa huzuni, na maua mengi: "Kumbe Radi alikuwa anaumwa tangu wakati ule, na sisi tulikuwa tunacheza tu."

Hapo dada akakaa chini.

"Wamempa mafua yangu," alisema. "Mafua yangu, niliyotoka nayo nyumbani, wamempa marehemu!"

Akaniamuru niandike. Nikaandika kwa heshima zote kwamba kikohozi kile si cha marehemu, ni cha dada yangu, aliyesimama mbele ukumbini akiwa na mafua. Watu wakajibu. Wengi walicheka. Mmoja aliuliza kama chafya za kwenye nyimbo nyingine ni za shangazi yetu. Na katikati ya vicheko lilikuja jibu moja la upole, limeandikwa vizuri, na nukta zake zote mahali pake:

"Samahani sana. Kikohozi hicho ni changu. Nilisimama karibu na spika ya kushoto."

Nilitaka kulificha. Dada alishalisoma begani kwangu.

Jina halikuwa geni. Alikuwa muuza dawa wa mtaa wa pili, mwenye duka lile la mlango wa kijani. Na hapo nikaona wivu unavyohama nyumba. Kijana wa suruali ya ngozi alisahaulika papo hapo.

"Yule anaiga," dada alisema. "Kuiga ni kazi yake, ale. Huyu anadai. Nenda kanunue dawa ya kikohozi."

"Nani anakohoa?"

"Nenda ukamwangalie, wewe domo, usiniulize maswali."

Nikaenda, nikarudi na chupa.

"Ehe. Yukoje?"

"Mpole."

"Sikukuuliza tabia. Yukoje?"

"Wa kawaida. Mrefu kidogo. Ana picha ya Radi juu ya rafu ya vitamini."

Dada akageuka polepole kuitazama picha yake, iliyobandikwa kwa gundi juu ya cherehani.

"Kubwa kuliko yangu?"

"Karibu sawa."

"Nakuuliza kubwa kuliko yangu?"

"Ina fremu," nikasema.



Ikawa bahati, au balaa, kwamba onyesho la kijana wa suruali ya ngozi lilikuja kwetu, kwenye ukumbi ule ule wa zamani, na pamoja naye anakuja mpiga dramu aliyepiga na Radi siku ile ya kurekodi. Dada aliposikia, alijishonea gauni. Aliacha kazi za watu, akalishona, akalifumua, akalishona tena. Mpango wake ulikuwa mwepesi: amuone mpiga dramu kabla ya onyesho, mzee amtambue, apande jukwaani aseme mbele ya watu wote kikohozi ni cha nani. Basi. Hakutaka kingine duniani.

"Na asipokukumbuka?" nilimuuliza.

"Mtu anaweza kusahau sura. Kikohozi hasahau."

Jumamosi mchana tukaingia ukumbini mapema. Mstari wa mbele, kando ya spika ya kushoto, alikuwa ameketi mwanamke mrefu, mkoba magotini. Dada alinifinya mkono.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona hukusema ni mzuri?"

Akaenda akasimama mbele yake. "Habari yako, dada. Nasikia unakohoa."

Muuza dawa alisimama kwa adabu. "Nzuri. Wewe ndiye fundi? Nilitamani tuonane. Gauni lako zuri sana."

Hiyo ilimkera dada kuliko tusi. "Nimeshona mwenyewe. Vitu vyangu huwa natengeneza mwenyewe, sichukui vya watu."

"Mimi pia sijachukua cha mtu," muuza dawa alisema kwa sauti ndogo, lakini hakurudi nyuma. "Nilikohoa, dada yangu. Nakumbuka kama leo."

"Ulikuwa na mafua?"

"Hapana. Ilinitoka tu."

"Ilikutoka tu! Mwenzio nilikuwa na homa!"

Mpiga dramu alikuwa jukwaani anakaza ngoma zake. Wote wawili walimwendea kwa mpigo mmoja, mabega yamegusana, hakuna aliyekubali kutanguliwa, mimi nyuma kama mpambe. Wakaeleza kwa pamoja. Mzee alisikiliza, akacheka mpaka akashika mgongo.

"Ile mashine ya moshi, jamani! Ilikuwa mpya, hakuna aliyejua kuipunguza. Siku ile ukumbi wote ulikohoa. Mimi nilikohoa. Radi alikohoa nyuma ya pazia mpaka tukamletea maji. Vile vingine vyote vilimezwa na kelele. Kimoja ndicho kikaangukia pale penye kimya."

"Cha nani?" wakauliza pamoja.

"Mama zangu, mimi nilikuwa nyuma ya ngoma na moshi machoni. Nitajuaje?"

Dada alirudi kitini akiwa amekunja uso, lakini hakukata tamaa. Aliniambia atasubiri pale penyewe. Kijana akinyamaza tu, yeye ataachia kikohozi chake kabla ya mtu yeyote, na mwenye masikio atasikia. Nilimwona anameza mate, anakiandaa. Upande wa pili, muuza dawa naye aliweka kiganja kifuani.

Sitasema uongo, kijana aliimba. Nyuma yangu baba mzima alikuwa analia huku anamrekodi. Ikaja "Ngazi ya Nyuma". Magita yakanyamaza. Dada akavuta pumzi. Na kijana, badala ya kukohoa, akaielekeza maiki kwa watu, akaweka mkono sikioni.

KHOH!

Ukumbi mzima. Balkoni, milangoni, walinzi, watoto mabegani. Kilikuwa kikohozi kikubwa kama ukuta unaanguka, na ndani yake kilimezwa cha dada, kama alikitoa. Watu wakacheka, wakakumbatiana, wakaimba ubeti wa mwisho kwa machozi. Nilimgeukia dada. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi za mlangoni. Muuza dawa alikuwa amefika kabla yake, ameegemea nguzo.

"Wamekigawana," alisema bila kututazama. "Kila mtu na kipande chake."

"Wezi," dada alisema, na kwa mara ya kwanza walikubaliana.

Ndani walikuwa wanapiga makofi yasiyoisha. Kisha muuza dawa akasema, "Dada, tumalize. Sisi wawili tunakijua kuliko wote waliomo humo. Tukohoe. Atakayesikia ni cha mwenzie, aseme."

"Anza wewe."

Muuza dawa alitazama chini kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Akakohoa.

Mimi nimelelewa na ule wimbo. Nilikisikia kabla sijajua kutamka jina la mama. Kikavu, kifupi, na kile kikunjo kidogo mwishoni, kama pumzi imejikwaa. Nywele zilinisimama. Nikamtazama dada, dada akanitazama. Huyu ni mtu anayeshika kitambaa gizani akakwambia kimetoka kwenye jora gani. Alijua. Tena alijua kabla yangu.

"Siyo," alisema.

"Siyo?"

"Hakifanani hata kidogo. Chako kina maji."

Nilifungua mdomo. Kisigino cha kiatu cha dada kikatua juu ya kidole changu cha mguu, kikabaki hapo.

Muuza dawa alishika nguzo. "Una hakika?"

"Nimekisikiliza maisha yangu yote," dada alisema, na hilo lilikuwa kweli kabisa.

"Basi nimejidanganya miaka yote hii." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayezuia kitu kingine. "Unajua, nilipokohoa, Radi alinigeukia. Akatabasamu. Ndiyo maana nikashikilia. Labda alikuwa anamtazama mtu mwingine."

Uso wa dada ulibadilika. Kwa muda ule mfupi nilidhani atasema ukweli.

"Alitabasamu?" aliuliza.

"Kidogo tu."

"Kwa meno?"

"Hapana, kwa macho."

Mimi nilikuwa mtoto wa kutambaa siku ile, lakini najua jambo moja: katika hadithi yote ya dada, aliyoirudia mbele ya kila mteja, Radi hakuwahi kumtazama. Angekuwa amemtazama, tungeambiwa kabla ya chai. Nikaona wivu unampanda dada kutoka shingoni mpaka machoni, mpya kabisa, ule wa zamani ulikuwa mazoezi.

"Alikuwa anamtabasamia kila mtu yule," alisema. "Ndiyo kazi ya jukwaa."

Milango ikafunguka, watu wakamwagika. Mpiga dramu alikuwa amewasimulia kile kisa, maana wasichana wenye simu mikononi walikuja moja kwa moja kwetu. "Jamani, nani kati yenu ndiye mwenye kikohozi?"

Dada hakujibu. Nampa haki yake, hakujibu. Ni muuza dawa aliyenyoosha mkono. "Ni huyu," alisema. "Ni wake. Tumehakikisha."

Wakamzunguka. Picha, picha, tabasamu dada, geuka huku. "Tukoholee! Tafadhali, kimoja tu!" Dada akampa muuza dawa pochi yake amshikie, akalivuta gauni likae sawa, akatazama chini kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Akakohoa. Kikavu, kifupi, na kile kikunjo mwishoni. Alikuwa amekipima kwa kukisikia mara moja, akakikata, akakishona, na kilimkaa mwilini bila hata mshono kuonekana.

"Ndicho!" watu walipiga kelele. "Ndicho chenyewe!"

Muuza dawa alikuwa kando yangu, ameikumbatia pochi ya dada kwa mikono miwili, machozi yanamlenga.

"Sikia," aliniambia. "Ni chake kweli. Mimi sijawahi kukohoa hivyo."

Nilitaka kumwambia. Dada akaniona juu ya vichwa vya watu, akanikazia macho, na wasichana walipomwomba arudie, akarudia.