Mkate wa Msumarini

...kumi na tatu kugawanya kwa nne, hisa ni tatu, baki moja, vizuri, Munisa, lakini usiishie hapo, tumeshafika kwenye hesabu za sehemu, huo mkate mmoja uliobaki ukate vipande vinne, kila mtu apate mitatu na robo, kata basi, mbona chaki imesimama, mbona unanitazama kwa macho ya mama yako, maana Zulxumor naye alisimama hapohapo, miaka ishirini na miwili sasa, mikate ileile kumi na mitatu, sikuwahi kubadilisha hesabu, mvivu mimi... "Huo haukatwi, mwalimu, ni wa kaka," alisema mama yako siku ile, na Baxtiyor kule nyuma akadakia, "Kaka si yuko Urusi! Ataula kwa posta?" darasa likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni nani, si mimi, mtu mzima hovyo, "Hesabu haina kaka," nikamwambia, nikamwandikia mbili, alama ya kufeli, kwa wino mwekundu, naye hakunyoosha mkono tena mpaka alipoacha shule, na nilijua, hapa Marghilan nani asiyejua, anayesafiri huumega mkate kwa meno, unaobaki hutundikwa msumarini umngoje, nilijua lakini sikuwa na wa kumngoja, sasa wa mwanangu Doniyor uko jikoni, mwaka wa tatu tangu aende Korea, mgumu kama tofali, naupangusa vumbi kila asubuhi, baba yake akitania, "Tuuchovye kwenye chai, Hosiyat?" namnunia mpaka jioni... "Kata, wewe! Robo! Robo!" wanamhimiza wenzake, naye Munisa anageuka, sauti ndogo, "Mwalimu, kwetu mmoja hatuukati, ni wa mjomba," mjomba, yaani bado unaning'inia, ishirini na miwili, na yule kijana hakurudi, wala barua, na mimi nilicheka, nilimwonea mtoto wa watu mbele ya wenzake, najuta, Mungu wangu, najuta, na sasa wote wananingoja mimi nicheke ili nao wacheke, sicheki, nataka tu kumwuliza kama mama yake yuko nyumbani leo, kama nikipita baada ya kengele atanifungulia mlango, na chaki ya Munisa bado iko juu ya ile moja, hajaikata.