Pipa la Maji ya Baraka

Msakristani wa parokia ile waumini walimwita Funguo, kwa sababu alitembea na shada la funguo kiunoni utadhani askari jela, na kwa sababu hakuna kabati wala mlango wa kanisa uliofunguka bila yeye kutaka. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipanga hostia, akikwangua nta ya mishumaa na kugombana na popo wa mnarani. Zamani alisoma seminari miaka miwili. Akarudi nyumbani na Kilatini cha kuamkia watu, na dharau ya kumtosha mpaka uzeeni.

Na dharau yenyewe, tuseme kweli, haikukosa chakula. Kulikuwa na dereva wa pikipiki aliyening'iniza rozari tatu kwenye usukani, breki hana hata moja. Kulikuwa na mama mmoja aliyenyunyizia maji ya baraka kalamu za mtihani za wanawe, ilhali madaftari yao yalikuwa meupe pe kama yalivyotoka dukani. Muuza vitambaa alizika medali ya Mtakatifu Benedikto kila pembe ya kiwanja chake. Medali zikazuia wachawi wote, ila hazikumzuia mumewe kukiuza kiwanja chenyewe. Na mjumbe mmoja wa baraza la walei, mtu mzima na heshima zake, hakuvua skapulari, kile kitambaa cha Bikira Maria cha shingoni, hata alipokwenda kwa hawara. Aliigeuzia mgongoni tu, Bikira Maria asione.

Funguo aliwatazama hawa wote akacheka kimoyomoyo, na siku nyingine si kimoyomoyo. Yeye alijua kila kitu kilipotoka. Mishumaa ililetwa na lori pamoja na sabuni na dawa za mende. Medali zilikuja kwenye mifuko ya nailoni, mia kwa mia, kama vifungo vya mashati. Mtu ukishafungua maboksi hayo miaka ishirini na miwili, macho yanakuwa makavu.

Basi Paroko akaenda likizo ya siku arobaini. Kabla ya kuondoka alibariki pipa zima la maji, lile la chini ya mfereji wa paa la sakristia lililojaa mvua, akamwambia Funguo agawe kwa kiasi. Kwa kiasi! Watu walikuja na madumu, ndoo, chupa za juisi, na mama mmoja akaja na beseni la kuogeshea mtoto. Siku ya sita pipa lilikuwa nusu.

Hapo Funguo akakumbuka kanuni. Padre mzee wa seminari aliwafundisha kwamba maji ya baraka yakipungua unaweza kuyaongezea ya kawaida, mradi unachoongeza kiwe kidogo kuliko kilichomo, na yote yatahesabika yamebarikiwa. Kanuni ni kanuni. Funguo akachota ndoo bombani, akaongeza. Kesho yake akaongeza tena. Kila jioni aliongeza pungufu ya nusu, kwa uaminifu wa kutisha, akijisifu kwamba katika parokia nzima ni yeye peke yake anayeijua sheria. Siku ya tisa akafungua kifuniko akakuta pipa kavu, kata imelala chini. Mtu alikuwa amekomba mpaka tone la mwisho.

Padre wa kushikilia nafasi alikuja Jumapili tu, kutoka parokia jirani. Alisoma misa kama mtu aliyeacha chungu jikoni, na wimbo wa mwisho ulipofika ubeti wa pili alikwisha washa gari. Funguo angeweza kumkimbilia. Lakini angemweleza nini? Kwamba baraka za siku arobaini zimeisha kwa siku tisa mikononi mwa msakristani mzoefu? Akaona haya. Akaunganisha mpira wa bomba, akalijaza pipa mpaka juu, akarudisha kifuniko na kufunga kufuli.

Na hapo ndipo miujiza ilipoanza kumiminika. Mtu akapata kazi. Mwingine mkwe wake mkorofi akahama. Mtoto aliyekojoa kitandani akaacha, ingawa alikuwa na miaka kumi na mitatu na huenda angeacha tu. Funguo aliwasikiliza wakitoa ushuhuda, yeye na siri yake, akiona raha ambayo hakupata kuiona tangu seminari. Bomba la manispaa lilikuwa linatenda makuu.

Aliyechota kuliko wote alikuwa dada yake wa damu, dobi, mkubwa wake kwa miaka minane. Ndiye aliyefua vitambaa vya altare na kanzu za mapadre, na nguo za nusu ya mtaa. Alikuwa na kisukari. Kandambili ilikuwa imemkwangua dole gumba la mguu, mkwaruzo wa kipuuzi tu, lakini kidonda kikagoma kufunga. Kliniki walimpa kadi ya kusafishwa kila baada ya siku mbili. Alikwenda mara moja. Tangu hapo akawa anakuja sakristia na dumu lake la lita tano, akichechemea, akaloweke mguu nyumbani. Funguo akimwona alimtania. Mara leo unaenda kubatiza nani, mara punguza dada, malaika watabaki bila ya kunawa. Dada alitabasamu na kujitwika dumu lake.

Jumapili ya tatu akasimama kutoa ushuhuda. Hakuwa msemaji. Alishika benchi la mbele, akasema kidonda chake hakiumi tena, hata akikigusa hasikii kitu, na anamshukuru Mungu. Watu wakapiga makofi. Funguo, pale kando ya altare na vichupa vya divai mkononi, alijiuma mdomo kwa ndani asicheke.

Aliyemkata kicheko ni muuguzi wa chumba cha vidonda, mwanamke mfupi aliyeimba sauti ya pili kwaya. Alimfuata sakristia baada ya misa hata hajavua joho. Akamwuliza kama amesikia alichosema dada yake. Funguo akajibu kwa kejeli kwamba amesikia, na anafikiria kumwandikia askofu. Muuguzi hakucheka. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mgumu wa kuelewa, kwamba kidonda cha mgonjwa wa sukari kikiacha kuuma hakijapona, kinaoza, na mishipa ya fahamu imekufa.

"Akija kesho tunazungumzia kidole," alisema. "Akikaa wiki nyingine tutazungumzia mguu. Na ikipita hapo, wewe utatafuta mtu mwingine wa kukufulia hizi kanzu."

Siku ile Funguo hakula. Alizunguka chumbani akipanga hotuba, maana sasa mambo yalikuwa wazi: dada anauamini ule upuuzi kwa sababu hajui, na dawa ya mtu asiyejua ni kuambiwa. Angemwambia ukweli wote wa pipa. Angemwangusha imani kama mtu anavyoangusha nyumba mbovu, kisha amshike mkono ampeleke kliniki. Ufunguo wa sakristia ungeweza kumponyoka, Paroko angemfukuza, sawa tu. Alijiona shujaa kidogo, hatuwezi kumficha.

Asubuhi ya Jumatatu akapiga moyo konde akaenda. Ua wa dada yake ulikuwa vilevile: kamba nne za nguo, mabeseni matatu, shuka za watu zikichuruzika. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa cheupe na kutumbukizwa kwenye kopo, dumu pembeni, huku mikono inasugua kola ya shati kwa raha zake. Kulikuwa na harufu. Funguo akaisingizia mitaro.

Hakukaa. Alijikaza kisabuni akasimulia yote, wima, kama yuko kwenye mimbari: mvua iliyobarikiwa, ndoo za jioni, kanuni ya pungufu ya nusu, pipa kavu, mpira wa bomba. Kwamba haya anayolowekea mguu ni maji ya kuoshea magari. Padre hajayaona wala kuyapungia mkono. Miujiza yote ile ni porojo, na yeye amekuwa akiwatazama wakijidanganya.

Dada yake alisuuza kola, akaikamua.

"Najua," alisema.

Funguo akauliza anajua nini.

"Kwamba ni ya bomba. Mdogo wangu, nafua miaka thelathini. Ya mvua sabuni inatoa povu hata kwa kipande. Haya ya kwako unasugua mpaka mkono unakufa. Dumu la kwanza nilionja, lina dawa ile ya manispaa. Nilijua kabla hujafika nyumbani kwako siku ile."

Wa kuangushwa nyumba alikuwa yuko chini zamani, amekaa, anafua, na aliyebaki juu ya paa ni mwenye nyundo. Funguo akauliza kwa hasira, maana aibu ikizidi huja na hasira: kama alijua, alikuwa anafuata nini kila siku, na mguu mbovu, njia yote ile?

Dada yake aliliweka shati.

"Nakufuata wewe. Nilisema huyu amesoma, akiniona nachechemea kila siku, siku moja ataniuliza. Wiki tatu umeniuliza malaika watanawa nini. Mguu hujaniuliza hata mara moja."

Funguo aliinamisha macho kwenye kopo lenye mguu.

Dada akaendelea, sauti ile ile ya mtu anayehesabu nguo za mteja. Kliniki aliogopa. Mama yao aliingia pale na kidole, akatoka hana mguu, na baada ya miezi miwili akatoka duniani kabisa. "Wewe ulikuwa seminari," alisema. "Aliyembeba mgongoni kwenda msalani ni mimi. Mguu uliobaki nilikuwa nauona umening'inia. Sasa niende peke yangu? Mimi siendi peke yangu. Bora nikae hapa na maji yako ya magari."

Kule kanisani, alisema, alisimama kwa sababu alidhani ndugu yake akisikia mguu haumi tena atashtuka. Aliona bega lake likitikisika, akajua anacheka.

Funguo akapiga magoti pale kwenye tope la sabuni. Si kwa kusali. Aliutoa mguu kwenye kopo akaanza kufungua kitambaa, na harufu haikuwa ya mitaro. Kidole kilikuwa cheusi kama kipande cha mkaa, na wekundu ulikwisha panda mpaka karibu na kifundo. Alilia. Hakulia kidogo, alilia makamasi, mtu mzima na funguo zake kiunoni, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Walikwenda saa ile ile. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, shuka za watu zikabaki kwenye kamba.

Chumba cha vidonda kilikuwa na meza ya bati, taa ya shingo ndefu na ndoo yenye mfuniko wa kukanyaga. Muuguzi akautazama mguu kwa muda mrefu, akaubonyeza hapa na pale, akamwita daktari. Wakanong'ona. Kidole hakina maisha, kitatoka leo. Mguu hawaahidi. Watapigana nao, atalazwa, atasafishwa asubuhi na jioni, na baada ya siku tano wataona. Dada alisikiliza yote. Muuguzi alipoinua chupa kubwa ya maji ya kusafishia, dada akaurudisha mguu chini ya kiti na kuking'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

"Hayo," akamwuliza ndugu yake, "yamebarikiwa?"

Muuguzi akainua uso. Funguo alijua jibu. Chupa ilikuwa na lebo, ilikuja kwenye boksi, mia kwa mia, na yeye ndiye mtu wa mwisho parokia nzima ambaye angeweza kukiita kitu kama hicho baraka.

"Yamebarikiwa, dada."

"Na nani?"

"Na mimi."

Dada yake alimtazama kama anavyotazama shati alilorudishiwa na doa. Hakuamini hata kidogo, na Funguo aliliona hilo wazi. Kisha akaachia kiti, akampa mkono wake aushike, na akautoa mguu.